Taya la Asiye na Dhambi

Tunduma ni mji wa mpakani, na mji wa mpakani haukosi wahubiri. Malori yanapanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, wabadilisha fedha wanaita wateja, na jua likishatua spika za mikutano ya injili zinafunguliwa hapa na pale. Kinachohubiriwa zaidi ni uponyaji. Nyuma ya uponyaji huo ipo hoja isiyotamkwa kila mara, lakini kila aliyeketi kwenye viti vile vya plastiki anaifahamu: mgonjwa ana jambo lake. Ama ametenda dhambi, ama wazee wake walitenda, ama ameacha mlango wazi adui akapita. Si walokole peke yao wanaofikiri hivyo. Muumini wa Kiislamu naye huweza kuambiwa kuwa maradhi yake ni malipo, na anayekwenda kwa mganga huambiwa kuna jirani au ndugu aliyemtupia kitu. Njia ni mbalimbali, ila zote zinaanzia mahali pamoja: maumivu ya mwili yana mkosaji, na kazi ya mjuzi wa mambo ya Mungu ni kumtafuta mkosaji huyo. Nadhani hapo mwanzo penyewe ndipo penye kosa, na shahidi ninayemleta ni kiungo cha taya cha mnyama wa majini.

Sili, simba-bahari, walrasi na fisi-maji wa baharini ni wanyama wa bahari za baridi. Mtanzania hawaoni ila kwenye televisheni. Hata hivyo mafuvu yao yamekusanywa kwa miongo mingi katika makumbusho za Marekani, ikiwamo ya California Academy of Sciences mjini San Francisco, na madaktari wa meno ya wanyama wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Frank Verstraete na wenzake, wameyapitia moja baada ya jingine wakikagua meno na mataya. Mojawapo ya waliyoyakuta ni ugonjwa ambao mtu wa Vwawa angeuita kusagika, yaani baridi yabisi ya kiungo cha taya. Katika fuvu zima, ncha ya nyuma ya taya la chini ni laini na imeviringana, nayo inaingia sawasawa katika kishimo chake chini ya fuvu, mbele kidogo ya tundu la sikio. Katika fuvu gonjwa ncha hiyo imebapa. Uso wake umetoboka vitundu vidogovidogo, na pembeni mfupa umeota kingo ambazo hazikuwapo, kwa sababu mwili ulijaribu kukiimarisha kiungo kilicholegea ukaishia kukibana. Makinda hawaugui hivi kwa kadiri wakubwa wanavyougua. Na hawa ni wanyama wa porini; hakuna aliyewalisha sukari wala kuwafungia kwenye bwawa la saruji. Walikula walichoumbiwa kula, wakapigana kama dume wa kila aina apiganavyo, wakazeeka.

Ni vizuri kuelewa kwa nini kiungo husagika, maana hoja yangu imekaa hapo. Ndani ya kiungo mifupa miwili haigusani. Kati yake kuna tabaka la gegedu na ute mwororo unaolainisha msuguano. Gegedu haina mishipa ya damu, na hiyo ndiyo siri ya uimara wake: ingekuwa na mishipa, kila kutafuna kungeiminya mishipa hiyo na kuipasua. Lakini tishu isiyofikiwa na damu haiponi upesi. Jeraha la ngozi hufunga kwa siku chache kwa sababu damu inaleta kila kinachohitajika. Ufa wa gegedu hukaa, na baada ya miaka hupanuka. Uwezo wa kubeba mzigo na unyonge wa kutopona vimetoka katika jambo moja. Mtu hawezi kuuchukua mmoja akaurudisha mwingine.

Turudi nyuma zaidi ya wanyama hawa. Mwaka 2012 Judyth Sassoon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walieleza habari za mtambaazi mkubwa wa baharini aitwaye pliosauri, aliyechimbuliwa Westbury katika jimbo la Wiltshire. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, urefu wake kama mita 8. Kiungo cha taya upande wa kushoto kilikuwa kimeliwa na ugonjwa unaofanana na baridi yabisi, hata taya la chini likaenda upande. Meno ya juu hayakuangukia tena penye nafasi zake. Yaligonga mfupa wa taya la chini, na alama za kugonga zimebaki juu ya mfupa mpaka leo. Alama kama zile hazitokei kwa siku moja. Mnyama yule aliendelea kuwinda na kula kwa muda mrefu akiwa na taya lililopinda, mpaka taya likadhoofika likavunjika, na mvunjiko huo haukuunga. Kuna jambo hapa linalonipendeza kuliko umri wenyewe. Bawaba ya taya la mtambaazi haikuundwa kwa mifupa ile ile ya bawaba yetu. Mifupa iliyobeba taya la watambaazi wa kale, kwa mamalia imehamia ndani ya sikio na kuwa vifupa viwili vya nyundo na fuawe, na taya la mamalia likapata bawaba nyingine kabisa. Kwa hiyo tuna bawaba mbili, zilizoundwa mbali mbali kwa mifupa tofauti, katika viumbe wasiojuana, na zote mbili husagika. Jambo linalotokea kwenye kila kiungo kinachobeba mzigo ni jambo la kuwa kiungo. Hatuhitaji kisa cha pekee kulieleza.

Wala hatuna haja ya kwenda Wiltshire kwa kila kitu. Mkoa wa Songwe, wenye Tunduma na Vwawa, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekalia sehemu ya bonde la ufa la Rukwa, na miamba ya bonde hilo imewapa wataalamu mataya ya kustaajabisha. Katika mawe ya mchanga mwekundu ya Galula alipatikana Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo mwenye ukubwa wa paka, aliyetangazwa na Patrick O'Connor na wenzake mwaka 2010 na kupewa jina la Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mamba wa leo hana magego. Hukamata, hukata, humeza. Huyu wa Galula alikuwa na magego yanayosagana kwa namna ya mamalia, na taya lake la chini liliweza kwenda mbele na nyuma likitafuna. Aliishi yapata miaka milioni 105 iliyopita. Katika miamba ya Nsungwe, iliyo michanga kuliko hiyo, yalipatikana mataya ya nyani wawili wa kale, Rukwapithecus na Nsungwepithecus, waliotangazwa mwaka 2013 na kundi la Nancy Stevens, wenye umri wa miaka milioni 25. Sidai kuwa mataya hayo ya Songwe yalikuwa na ugonjwa. Ninachosema ni kwamba kwenye ardhi hii hii ambayo leo Mnyiha analima kahawa na mahindi, viumbe walitafuna, walipambana na kufa kabla hajatokea mtu wa kwanza wa kukosea. Na mfupa wa kale wenye ugonjwa umewahi kutoka hapa nchini: pingili ya uti wa mgongo ya dinosari aitwaye Dysalotosaurus kutoka Tendaguru mkoani Lindi, mahali ambapo kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wa Kiafrika, miongoni mwao msimamizi mashuhuri Boheti bin Amrani, walitoa mifupa iliyojaza makumbusho ya Berlin. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kuwa pingili hiyo ina dalili za ugonjwa wa mifupa wa Paget, ambao unawapata binadamu mpaka leo. Umri wake nao ni miaka milioni 150 hivi.

Wanyama wa baharini wenyewe hawako mbali na Rukwa kama inavyodhaniwa. Nyangumi na pomboo ni mamalia waliorudi majini, na miongoni mwa wanyama wote walio hai, ndugu yao wa karibu zaidi ni kiboko. Uchunguzi wa vinasaba umelithibitisha hilo kiasi kwamba ubishi umekwisha. Kenya nako, mwaka 1964, mabaki ya nyangumi wa miaka milioni 17 yalipatikana Loperot, Turkana, mamia ya kilomita kutoka pwani, baada ya mnyama huyo kupanda mto wa zamani akapotea humo. Anayemtazama kiboko wa Rukwa akipanua kinywa chake anatazama taya la ukoo ule ule, na dume lililochapana kwa miaka na madume wenzake halina budi kulipa kwa mwili wake.

Sasa hoja. Dhambi, kwa mafundisho ya Wakristo na Waislamu vilevile, inahitaji mtendaji anayejua amri na anayeweza kuivunja. Simba-bahari hajui amri. Katika fikhi ya Kiislamu mnyama si mukalafu, hana wajibu wala hesabu ya matendo. Katika Ukristo hakuna aliyewahi kumbatiza fisi-maji kwa ondoleo la dhambi. Kama ugonjwa ule ule, wenye sura ile ile kwenye mfupa na sababu zile zile mwilini, unampata asiyeweza kutenda dhambi, basi kuonekana kwa ugonjwa huo kwa mtu hakuthibitishi chochote kuhusu dhambi yake. Mwaka 2006 takriban pomboo 400 walikufa ufukweni kaskazini mwa Unguja. Watu walijiuliza juu ya mitego, juu ya mitambo ya manowari, juu ya sumu. Hakuna aliyeuliza wale pomboo walimkosea nani. Tukiwaona wanyama tunauliza sababu. Tukimwona mama mzee ambaye taya halifunguki tunauliza kosa. Ni nani aliyetupa ruhusa ya kubadili swali?

Atakayepinga kwanza atasema mamilioni hayo ya miaka ni ya kubuniwa. Jibu lipo chini ya miguu ya watu wa Songwe. Umri wa tabaka za Nsungwe umepimwa kwa chembe za madini ya zirikoni zilizomwagwa na majivu ya volkano. Ndani yake urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, na kiasi kilichogeuka kinasema muda uliopita. Kupungua kwa madini mnunurisho ya namna hiyo ndiko kunakotumika kupima vimondo, na Songwe imebarikiwa kwa vimondo kuliko mikoa mingi: kile kikubwa cha chuma pale Ndolezi, Mbozi, na kile kidogo kilichoanguka Ivuna mwezi Desemba 1938, ambacho wataalamu wa dunia nzima wanakithamini kwa sababu kinatunza mata ya asili ya mfumo wa jua karibu bila kubadilika. Saa hizi zinakubaliana. Lakini sitaki kushinda kwa umri peke yake. Tuseme mpingaji yuko sahihi, dunia ni changa, na ugonjwa uliingia ulimwenguni baada ya bustani ya Edeni. Bado fisi-maji aliyekufa karne iliyopita na taya lililosagika hakutenda dhambi yoyote. Hata kama ugonjwa kwa jumla umetokana na anguko, ugonjwa huu wa kiumbe huyu haukutokana na kosa lake. Na mahubiri ninayoyapinga hayahusu anguko kwa jumla. Yanamhusu mgonjwa aliyeitwa mbele ya mkutano kwa jina lake.

Kuna jibu la kitheolojia lenye heshima zaidi. John Wesley, katika hotuba yake ya mwaka 1781 juu ya ukombozi wa viumbe wote, akisimama juu ya maneno ya Paulo katika Warumi sura ya 8 kwamba uumbaji wote unaugua, alifundisha kuwa wanyama walianguka kwa ajili ya Adamu na watarudishiwa hali yao, tena bora, siku ya mwisho. Wesley si mgeni hapa kama tunavyoweza kudhani: walioigusa imani yake mwaka 1738 walikuwa Wamoraviani, na wamisionari wa Moravian ndio waliofika Rungwe mwaka 1891 na kujenga kituo Mbozi mwaka 1899. Ninampenda Wesley kwa kuwa alikataa kuwadharau wanyama. Ila fundisho lake lilitungwa kabla mtu hajajua kuwa mifupa migonjwa imetangulia Adamu. Wapo wanaoliokoa kwa kusema kuwa Mungu, akijua Adamu angekosa, alitoza adhabu mapema, mamilioni ya miaka kabla. Hiyo ni sawa na hakimu wa mahakama ya mwanzo amfunge babu leo kwa deni ambalo mjukuu wake, ambaye bado hajazaliwa, atakuja kukopa. Hakimu huyo hata kama anajua yajayo, hatumwiti mwadilifu. Na anayemtetea Mungu kwa hoja ambayo ingemfukuzisha kazi hakimu, amemtetea vibaya.

C. S. Lewis, katika kitabu chake cha 1940 juu ya tatizo la maumivu, aliona ugumu huo akaelekea kwingine: huenda Shetani alikuwa ameuharibu ulimwengu wa wanyama kabla ya mtu. Hapa ndipo gegedu inaponifaa. Kama uharibifu ni kazi ya Shetani, tungetarajia uonekane umeongezwa juu ya kazi njema, uweze kutengwa nayo. Lakini kusagika hakutengeki na kutafuna. Kile kinachokipa kiungo uwezo wa kubeba mzigo ndicho kinachokinyima uwezo wa kupona. Ukimpa Shetani udhaifu wa kiungo umempa na kiungo chenyewe, na hatimaye kinywa, na chakula, na zaburi isemayo kwamba wanasimba wanapounguruma wanaomba chakula chao kwa Mungu. Sidhani kuna mchungaji wa Tunduma aliye tayari kumpa Shetani vyote hivyo.

Wengine wanaikata kamba mapema: mnyama hahisi maumivu, kwa hiyo hakuna cha kueleza. Descartes alifundisha karibu na hivyo, kwamba mnyama ni mashine inayolia bila kuumia. Nakubali kwamba mfupa hausemi. Hata kwa binadamu, picha ya eksirei inaweza kuonyesha kiungo kilichochakaa sana na mwenyewe asiwe na malalamiko, na mwingine mwenye picha nzuri akakosa usingizi. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila fuvu la San Francisco lilikuwa la mnyama aliyeteseka. Lakini mamalia wote wana neva kubwa ile ile inayopeleka habari za uso na taya kwenye ubongo, na wakiumia hubadilisha mwenendo kwa njia tunayoitambua: huacha kula, hutafuna upande mmoja, hukwepa kuguswa. Mkulima wa Momba anayemwona maksai wake akidondosha majani kinywani hahitaji falsafa; anamfungua kinywa aangalie. Kumkana mnyama maumivu ili kuitunza hoja yetu safi ni kuinunua hoja kwa bei ya macho.

Katika Uislamu suala hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyojua. Mafundisho maarufu ni kwamba tabu inayompata Muislamu, hata mwiba, humfutia madhambi. Hilo ni fundisho la rehema, na ni la mtu. Mnyama asiye na madhambi hana cha kufutiwa. Wamuutazila, wanateolojia wa kale wa Kiislamu, walilikabili jambo hili bila kukwepa. Kadhi Abdul Jabbar na wenzake walisema kwa kuwa Mungu ni mwadilifu, mnyama aliyeumizwa hana budi kulipwa fidia, iwadhi, huko akhera. Wapinzani wao wa Kiashari walikataa kumwekea Mungu wajibu wowote, lakini nao walikuwa na hadithi iliyopokewa na Muslim kwamba siku ya Kiyama kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe aliyempiga, na Qur'ani, katika sura ya 6, inawaita wanyama umma kama sisi watakaokusanywa kwa Mola wao. Sina haja ya kuamua ugomvi wao. Naangalia walichokubaliana: pande zote mbili zilikuwa na mahali pa kuyaweka maumivu ya mnyama huko akhera, na hakuna upande uliosema ni malipo ya kosa lake. Uislamu basi unalijua kundi zima la wenye maumivu wasio na hatia. Kwa nini mgonjwa wa Tunduma asihesabiwe kwanza katika kundi hilo, mpaka ithibitike vinginevyo?

Upinzani mgumu zaidi hautoki msikitini wala kanisani. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 juu ya Wazande, alieleza ghala linaloanguka na kuua watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Uchawi ulijibu swali hilo la pili. Mtu wa Songwe anaweza kuniambia hivyo hivyo: gegedu inaeleza namna taya linavyosagika, haielezi kwa nini limesagika langu na si la jirani. Swali hilo ni zito, na wanaocheka wanaoliuliza hawajawahi kuugua muda mrefu. Lakini angalia yanayofuata likishajibiwa kwa mtu. Katika miaka ya 1930 vijana wa mchapi walienea kutoka Nyasaland hadi kwa Wabemba ng'ambo ya mpaka wetu, wakiwapanga wanakijiji mstari na kuwatambua wachawi kwa kioo, mambo ambayo Audrey Richards aliyaandika mwaka 1935. Na vizazi vyao vya lambalamba na kamchape tunavisikia mpaka sasa katika mikoa ya magharibi. Mwishoni mwa jibu kuna mtu, mara nyingi bibi kizee asiye na mtetezi. Sasa mchukue walrasi. Katika kundi la walrasi mmoja kiungo chake kimesagika na mwingine wa umri ule ule ni mzima. Swali la kwa nini huyu lipo pale vilevile, na katika barafu hakuna mchawi, wala jirani mwenye husuda, wala deni la ukoo. Kumbe tofauti kati ya mwili na mwili inaweza kutokea bila adui yeyote: jino lililovunjika likalazimisha kutafuna upande mmoja, pigo la zamani, urithi, bahati. Mwenye kutaka adui kwa mtu aonyeshe kwanza kilichozidi hapo.

Sikatai kwamba mwenendo huleta magonjwa. Anayekunywa pombe kali kila siku ataharibu ini, na dereva anayelala na wengi kando ya barabara kuu anajiweka hatarini. Yesu mwenyewe, katika Yohana sura ya 5, alimwambia aliyeponywa asitende dhambi tena lisije likampata baya zaidi. Lakini katika sura ya 9 ya kitabu hicho hicho, wanafunzi walipomuuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alikataa majibu yote mawili waliyomwekea mezani, na katika Luka sura ya 13 alikana kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakuna mgongano. Kutoka kosa fulani kwenda ugonjwa fulani kuna njia unayoweza kuionyesha, hatua kwa hatua. Kutoka ugonjwa kurudi kwenye kosa lisilojulikana hakuna njia, kuna kubahatisha tu, na anayebahatisha kwa jina la Mungu anasema neno ambalo hakutumwa.

Kinachobaki ndicho kizito kuliko vyote, na sitakifunika. Kama maumivu si adhabu, basi Mungu aliyeviumba viungo aliviumba vya kusagika, na viumbe wasio na hatia wakaumia kwa mamilioni ya miaka mbele yake. Mwanafalsafa William Rowe mwaka 1979 alitoa mfano wa mtoto wa paa aliyeungua katika moto wa msitu akafa polepole pasipo mtu wa kumwona, akauliza lina faida gani teso la namna hiyo. Sina jibu litakalomtosheleza. Nasema tu kwamba ugumu wa swali hili si sababu ya kumtwisha mgonjwa ili Mungu apumzike. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya hivyo hasa. Walimtetea Mungu kwa ufasaha, sura baada ya sura, kwa gharama ya jina la mtu aliyekaa kwenye majivu, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao. Na jibu lenyewe Mungu alilompa Ayubu halikutaja dhambi yake hata mara moja. Lilimpeleka kuwatazama wanyama: sura ya 40 katika Biblia yetu ni kiboko, sura ya 41 ni mamba, na kinachosisitizwa kwa mamba ni kinywa, mataya ambayo hakuna mtu awezaye kuyafungua. Hao ndio wanyama wakubwa wawili wa ziwa Rukwa. Nionavyo, Ayubu alionyeshwa ulimwengu ambao haukukatwa kwa kipimo cha stahili za mtu, wenye nguvu na uzuri na meno, ambamo maumivu yake hayakuwa hati ya mashtaka. Hilo halielezi maumivu. Linaondoa shutuma, na kwa mtu aliyekaa kwenye majivu hiyo si habari ndogo.

Tayari tunao mfano wa taya lililoondolewa shutuma. Pepopunda hukaza taya mpaka kinywa hakifunguki, na kwa muda mrefu watu waliona humo kazi ya pepo. Leo tunajua ni bakteria wa udongo na samadi wanaoingia kwa jeraha au kwa kitovu kilichokatwa vibaya, na mama mjamzito anapokwenda kliniki huchomwa sindano ya kuuzuia. Muuguzi hamuulizi kwanza kama ametubu. Watoto wengi wamepona kwa sababu swali hilo liliachwa nje ya mlango wa kliniki, na imani ya mama zao haikupungua kwa hilo.

Ndugu wachungaji wa Tunduma, masheikh na waganga, waombeeni wagonjwa, maana maombi ni haki yao. Lakini akiletwa mtu ambaye taya linamlia kila akitafuna, au halifunguki asubuhi, muulizeni ana umri gani, ameng'oa meno mangapi, aliwahi kuanguka au kupigwa, na limeanza lini. Kisha mwelekezeni kwa daktari wa kinywa na meno, na msimuulize mbele ya watu alimkosea nani.